Hesabu ya Patupu

Mgeni akilala Kibondo usiku wake wa kwanza, asubuhi atakusimulia giza. Miaka ile naanza kufundisha huko, gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Mjini palinguruma jenereta, vijijini watu walitegemea sola ndogo zilizofungwa juu ya bati, na ukitoka nje saa nne usiku mwezi wa sita, Njia Nyeupe ilikuwa imetanda juu ya migomba utadhani mtu kamwaga unga. "Mwalimu, hapa ndipo pa kusomea nyota," wageni waliniambia, na mimi nilikuwa nacheka. Kwa anga ninayoipenda mimi, giza la Kibondo halisaidii chochote. Tungewashiwa taa za uwanja wa mpira usiku kucha, nisingepoteza kitu.

Ninachokipenda ni makundi ya galaksi, na kwa namna moja tu: kwa eksirei yanayoitoa. Eksirei ya kutoka angani haifiki chini. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ukiijumlisha yote, ina uzito wa maji yenye kina cha mita 10, na eksirei haipenyi hapo. Ukitaka kuiona lazima upeleke kigunduzi juu ya hewa, kwa roketi au setilaiti. Kwa hiyo mtaalamu wa Boston na mwalimu wa shule ya kata wilayani Kibondo wako sawa katika jambo moja: wote wawili wamekaa chini, wanasubiri faili.

Kundi la galaksi ni mamia, pengine maelfu ya galaksi zilizoshikwa pamoja na uvutano. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akakuta zinakimbia mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lilipaswa kuwa limetawanyika zamani. Hoja ya maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila kwa uvutano wake, ina mizizi hapo. Lakini Zwicky hakuwa na eksirei. Waliokuja na eksirei baadaye walikuta nafasi iliyo katikati ya galaksi imejaa gesi yenye joto la nyuzi milioni 10 hadi milioni 100. Gesi hiyo ni nyembamba kupita kiasi, chembe kama elfu moja tu katika mita nzima ya ujazo, lakini eneo lake ni kubwa hata uzito wake unazidi mara kadhaa uzito wa nyota zote za galaksi zote za kundi hilo. Nyota, ambazo ndizo zinazopigwa picha na kuwekwa kwenye kalenda, ni fungu dogo kuliko yote.

Setilaiti iliyofungua ukurasa huu ilirushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake. Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake siku hiyo, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Kiongozi wake wa kisayansi, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Katika vitabu vya kiada vya fizikia nilivyofundishia, sijawahi kuiona Malindi hata kwenye tanbihi.

Kwa nini Malindi? Sababu moja kila mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuieleza: karibu na Ikweta mzunguko wa dunia unaisukuma roketi, na roketi ndogo inatosha. Sababu ya pili ndiyo iliyonishika. Setilaiti inayozunguka chini chini kuufuata mstari wa Ikweta hukwepa sehemu ambazo chembe zenye chaji hunyesha juu ya vigunduzi na kuvifanya vihesabu vitu visivyokuwepo. Wahandisi wale walivuka bahari na mzigo wao ili, pamoja na mengine, wapunguze hesabu za uongo.

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilikuwa na masanduku ya gesi yaliyofunikwa kwa vijia vya chuma vilivyoruhusu eksirei ya upande mmoja tu kuingia, na yenyewe ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi. Chanzo cha eksirei kilipopita mbele yake, hesabu ilipanda ikashuka. Nyota moja ilichora kilima chembamba. Makundi ya Coma, Perseus na Virgo yalichora kilima kipana kuliko ambavyo nukta moja ingeweza kuchora. Kutokana na upana huo watu wakajua kwamba eksirei inatoka katika eneo lote la kundi. Miaka michache baadaye setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lile lile la Malindi Oktoba 1974, ikasaidia kumaliza ubishi uliobaki: mwaka 1976 ilitangazwa kwamba katika eksirei ya Perseus mna alama ya elementi ya chuma. Chuma hupikwa ndani ya nyota. Basi ile ni gesi ya moto kweli, na sehemu yake iliwahi kupita tumboni mwa nyota kabla ya kutupwa nje.

Mambo haya niliyapata kwa vipande vipande. Makala za Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania magazetini zilinipa hamu. Intaneti ya simu ilipofika kwa nguvu Kasulu, nikiwa nimehamia huko, ikanipa faili. Darubini ya Chandra, iliyorushwa Julai 1999, ina utaratibu ambao naona ni wa haki kuliko mingi niliyokutana nayo katika elimu: aliyeomba kupima hupewa muda wake wa kufaidi, kisha data inafunguliwa kwa yeyote. Hawaulizi unatoka chuo gani. Programu ya kuifungulia, iitwayo DS9, ni ya bure. Gharama yangu ilikuwa bando la usiku na uvumilivu, maana faili moja ilianza kushuka watu wakienda kulala na mara nyingi ilikatika kabla ya adhana ya alfajiri.

Nilipoifungua faili ya kwanza nilitegemea picha. Nikakuta jedwali. Kila mstari ni fotoni moja iliyogonga kigunduzi: imegonga saa ngapi, wapi, ikiwa na nishati kiasi gani. Picha zile za zambarau na buluu zinazopendeza hutengenezwa baadaye, na anayezitengeneza ndiye anayeamua rangi. Kilichotoka angani ni orodha.

Orodha inaweza kuchapishwa, na hapo ndipo darasa langu lilipoingia. Nilichagua kundi ambalo wataalamu wameliita Risasi, kusini, upande wa kundinyota la Carina. Ni makundi mawili yaliyogongana, na liko mbali kiasi kwamba linaenea kwenye karatasi na kubakiza pembe tupu. Nilipunguza fotoni, nikaacha moja katika nyingi ili zihesabike kwa macho, nikachapisha nukta nyeusi kwenye karatasi za A4 katika duka la steshenari mjini. Kila dawati likapata karatasi na kifuniko cha soda. Weka kifuniko juu ya penye nukta nyingi, zungushia kalamu, hesabu.

Dawati la mbele likapata 52. Wengine wakapata karibu na hapo, wakabishana kuhusu nukta zilizokaa juu ya mstari. Kisha nikawaambia wahamishe kifuniko hadi kwenye pembe, mbali na kundi, wahesabu tena. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono kabla hajamaliza.

"Mwalimu, lakini huku si ulisema hakuna kitu?"

"Ndiyo."

"Mbona kuna nukta?"

Walipata 9. Hizo 9, nikawaeleza, zinatoka kila mahali: chembe za angani zinazogonga mitambo, mwanga hafifu wa eksirei unaoijaza anga nzima, kelele za kigunduzi chenyewe. Hazina habari na kundi. Lakini haziishii pembeni. Ndani ya duara la kwanza nazo zimo, zimejichanganya, na hakuna nukta iliyoandikwa jina. Huwezi kuonyesha kidole ukasema hii ni ya kundi, ile ni ya kelele. Unachoweza ni kutoa: 52 kutoa 9, kundi limeleta 43. Na si 43 kamili, maana hesabu za namna hii zinayumba, na kiasi cha kuyumba kinakaribia kipeuo cha pili cha hesabu zote mbili zikijumlishwa. Hapa kama 8. Mtu anayesema kundi limeleta 52 amehesabu vizuri na amesema uongo.

Ile hesabu ya pili tukaibatiza "hesabu ya patupu". Nimefundisha fizikia miaka mingi, na sidhani kama kuna kitu kingine kutoka darasani kilichonitumikia nje ya darasa kama hicho.

Mwaka 2015 Warundi walianza kumiminika tena. Kasulu na Kibondo si wageni kwa wakimbizi. Tumepokea watu wa 1972, wa 1993, na kambi ya Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Lakini safari hii ilikuwa kubwa. Nyarugusu ilifurika, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya kule Kibondo. Baada ya muda, katika kijiji nilichokuwa nikiishi, ukaitishwa mkutano kuhusu wizi wa muhogo. Mihogo ilikuwa inang'olewa usiku, na kila aliyesimama alimaliza kwa neno moja: wakimbizi. Mwenyekiti akataka azimio liandikwe siku ile ile.

Nilimwuliza mtendaji wa kijiji kama madaftari ya malalamiko ya miaka ya nyuma yapo. Yalikuwepo, kabatini, moja likiwa limeliwa na mchwa pembeni. Akaniruhusu nikae naye barazani mwa ofisi, tukayapitia, yeye anasoma, mimi naandika kwa miezi. Wizi wa muhogo ulikuwemo tangu zamani. Ulikuwa unapanda kila mwaka katika miezi ile ile, watu wakishapanda na maharage bado hayajakomaa, akiba ikiwa imekwisha ghalani. Kuku vilevile. Tulipoweka mwaka wa malalamiko pembeni ya miaka ya nyuma, wizi wa muhogo ulikuwa umeongezeka kidogo tu. Kilichokuwa kimeongezeka kweli kweli kilikuwa ugomvi wa kuni na miti kukatwa katika mashamba ya watu. Katika daftari la zamani ugomvi huo ulikuwa nadra. Katika jipya ulijaa kurasa.

Mkutano uliofuata niliombwa nisome. Mzee mmoja, jirani yangu, akasimama.

"Kwa hiyo mwalimu unatuambia hawaibi?"

"Sijasema hivyo, mzee wangu. Nasema tutoe kwanza wizi wetu wenyewe. Kinachobaki ndicho chao."

Wengine walicheka, wengine walininunia, na nilisikia baadaye kwamba nimenunuliwa na shirika. Mwenyekiti, ambaye sikumtegemea, aliyatenganisha mambo mawili. Wizi wa muhogo ukabaki kwa sungusungu wa kijiji, kama ulivyokuwa siku zote. Suala la kuni likapelekwa katani ili lizungumzwe na wasimamizi wa kambi, likiwa na tarehe na majina ya mashamba. Hesabu ya patupu haikuwasafisha wakimbizi. Iliwaondolea mzigo mmoja na kuwaongezea mwingine, na mimi nikaiamini zaidi kwa sababu hiyo.

Daftari nalo ni kigunduzi, na vigunduzi hubadilika. Mtu huenda kulalamika akiona kuna wa kumsikiliza. Baada ya 2015 magari ya mashirika yalipita kila siku, polisi waliongezeka barabarani, na inawezekana yule ambaye zamani angemezea kuku wake aliyepotea sasa alikwenda kuandikisha. Wanaanga wana tatizo hilo hilo: kigunduzi cha Chandra cha leo si kile cha 1999, kimechakaa kwa mionzi na uchafu umeganda juu ya kichujio chake, na lazima wakipime upya kila mara kabla ya kulinganisha miaka.

Kuna makundi mengine yanayokunyima hata pembe. Perseus iko karibu nasi kwa vipimo vya makundi, miaka ya mwanga kama milioni 240, na inaijaza picha yote. Popote uwekapo kifuniko uko ndani ya gesi yake. Hapo inabidi uende mbali, uchukue kipande cha anga kilichopimwa siku nyingine kwa kigunduzi kile kile, utumie patupu ya kuazima. Na Kasulu ni hivyo. Kambi kubwa kama Nyarugusu ikikaa wilayani miaka ishirini, bei ya ndizi, ujira wa kibarua, hata barabara, vyote vimeguswa. Anayetaka kujua kambi imefanya nini asilinganishe kijiji cha karibu na kijiji cha karibu zaidi. Aende wilaya ya mbali isiyo na kambi, yenye mvua na udongo unaofanana na wetu, arudi na namba zake.

Shuleni hesabu ya patupu niliipata kwa njia chungu kidogo. Mkuu mmoja wa shule alianzisha masomo ya jioni, matokeo ya kidato cha pili yakapanda, akasifiwa kikaoni. Nikauliza shule jirani zilipata nini mwaka ule. Zilikuwa zimepanda zote, na hazikuwa na masomo ya jioni. Kikao kikaendelea na ajenda iliyofuata.

Wataalamu wakubwa nao hubanwa hapo hapo. Mwaka 2014 timu mbili zilitangaza mstari dhaifu usiotarajiwa, yaani ziada ya fotoni, katika eksirei ya makundi ya galaksi, kwenye nishati ya kiloelektronivolti 3.5. Moja ilikuwa imejumlisha makundi 73, Perseus likiwemo. Elementi zinazojulikana hazikuuelezea vizuri, na wengi wakathubutu kutaja maada ya giza, kwamba huenda chembe zake zinaoza na kutoa eksirei hiyo. Makala za kisayansi zikaandikwa kwa mamia. Japani ikarusha setilaiti ya Hitomi Februari 2016, yenye uwezo wa kutenganisha nishati kuliko zote zilizotangulia. Ilipotea mwezi uliofuata kwa hitilafu za uendeshaji, lakini ilikuwa imekwisha kuitazama Perseus, ikakuta gesi yake inachafuka kwa mwendo wa kilomita kama 160 tu kwa sekunde, kwa kundi ni utulivu, na mstari ule wenye nguvu uliodaiwa Perseus haikuuona. Mwaka 2020 watafiti watatu wakafanya jambo ambalo darasa langu lingelipendekeza. Kama ni maada ya giza, imo pia katika galaksi yetu, pande zote tunazotazama. Basi wakakusanya vipimo vya patupu, saa maelfu za setilaiti ya Ulaya XMM-Newton ikitazama anga isiyo na kundi, wakautafuta mstari humo. Hawakuuona. Wapo wanaopinga namna walivyochambua, na ubishi haujafungwa. Setilaiti ya XRISM, iliyorushwa na Japani Septemba 2023, inaendelea na kazi ya Hitomi, na nausubiri uamuzi wake kama watu wanavyosubiri matokeo ya Simba na Yanga.

Yule msichana wa nyuma alirudi wiki iliyofuata na swali nililokuwa nimelikwepa. "Mwalimu, nani kasema pembe hii ni tupu?"

Nilimpa historia. Roketi ya Juni 1962, iliyorushwa na akina Giacconi kutafuta eksirei za Mwezi, ilikuta vitu viwili: chanzo kikali upande wa kundinyota la Nge, na mwanga hafifu kila upande wa anga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa ni kitu cha kutoa tu, kero ya kila mpimaji. Baadaye Chandra ikaelekezwa makusudi kwenye kipande cha anga ya kusini ambacho hakikuwa na lolote la kutajika, eneo dogo kuliko mwezi mpevu unavyoonekana, ikakitazama kwa jumla ya sekunde milioni 7, ambazo ni siku zaidi ya themanini. Ndani ya patupu ile zikatokea nukta zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa mashimo meusi yanayomeza gesi katika galaksi za mbali sana. Sehemu kubwa ya ile kero ilikuwa ni hayo.

"Kwa hiyo 9 zetu ni mashimo meusi?"

"Baadhi. Nyingine ni kelele za mtambo."

"Zipi?"

Nikamwambia karatasi yetu haiwezi kutenganisha, inahitaji faili kubwa zaidi. Akaenda kwa wenzake, wakakubaliana kwamba pembe moja haitoshi, wakachukua vifuniko wakahesabu pembe zote nne. Wakapata 9, 7, 12 na 8. Dawati la mbele likadai ile ya 12 itupwe kwa kuwa imezidi. Yeye akakataa, akasema huenda pale ndipo penye kitu, na ubishi wao ukaenda hadi mapumziko, mwalimu wa Kiswahili akiwa ameshasimama mlangoni anasubiri kipindi chake.